Viti Vilivyopakwa Mawese

Mnunuzi aliinama, akaingiza kichwa ndani ya gari, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani, akasema kwamba ile ndiyo harufu ya historia. Mimi nilitoka nje ya gereji nikatema mate kwenye majani. Mdogo wangu akanifuata mbio, akaniomba nijikaze, kwa sababu yule bwana anafanya kazi kwenye migodi ya upande wa Kinsevere, hela anazo, na anapenda magari ya zamani kuliko anavyopenda watu. "Yaya, vumilia kidogo," aliniambia mimi dada yake mkubwa kwa sauti ya chini. "Utamufukuza muntu." Nilimwambia auze vizuri, apate bei nzuri, ila mimi mle ndani sirudi.

Hawezi kujua, mdogo wangu. Alizaliwa baada ya mambo yale, akakuta gari ni fahari ya ukoo, kitu cha kuonyesha wageni. Mimi ni mtoto wa kwanza, rafiki yangu, na pua yangu haisahau. Nikisikia harufu ya grisi iliyoganda pamoja na ngozi ya ng'ombe, hapo hapo narudi kuwa msichana mdogo mwenye kipande cha msasa mkononi na kichefuchefu kooni. Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi wote wawili, na kichefuchefu hakijatoka.

Tulikaa komini Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi, karibu na soko, katika lupango, yaani kiwanja chenye ukuta, ambamo nyumba ilikuwa ndogo na gereji ilikuwa kubwa. Usicheke. Jiko la mama lilikuwa vijiti na bati moja lililotoboka, na mvua ikinyesha alipika amejifunika gunia. Gereji ya baba ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, ikatiwa mlango wa chuma na kufuli. Ndani yake alikaa malkia: gari la mbio la watu wawili, la chini, lenye pua ndefu, lililoachwa na daktari wa meno mzungu ambaye baba alikuwa akimtengenezea jenereta. Daktari alipohama nchi alimwachia baba ufunguo, na baba akalikokota gari mpaka nyumbani kwa kamba, nyuma ya lori la makala ya kupikia, yaani makaa. Lilikuwa limelala miaka katika banda la kuku. Tulipofungua mlango tulikuta mayai yaliyooza kwenye kiti cha dereva, na chini ya kiti panya na watoto wake, wekundu, bila manyoya, wakigaagaa. Baba aliwatoa kwa mkono mtupu, akajifuta kwenye suruali, akaenda kula. Nilimwona kwa macho yangu akimega bukari, ugali wetu, kwa vidole vilevile.

Baba alikuwa fundi wa reli. Juma zima alitengeneza vichwa vya treni, na Jumamosi alitengeneza gari lake. Jirani yetu, mama mmoja wa Kasai aliyeuza mafuta ya mawese na chumvi mbele ya lango lake, alikuwa akituhesabu sisi watoto kwa kidole halafu anamuuliza, "Baba wa batoto, na bale bengine utabatia mu coffre ya nyuma?" Baba hakukasirika. Alisema gari halikuwa la watoto. Lilikuwa la mama.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na nalieleza taratibu ili usije ukadhani nalalamika bure. Baba na mama walioana kwa mila. Mahari yalitolewa, mbuzi alichinjwa, wazee walikunywa wakaridhika. Lakini kanisani hawakufunga ndoa, na kwetu Wakatoliki, mwanamke anayeishi na mume bila ndoa ya kanisa hapokei komunyo. Mama alikaa benchi la nyuma kabisa. Wakati wa kupokea ulipofika, watu wote walisimama kwenda mbele, naye alikunja magoti kando ili wapite, kisha aliwangoja warudi, akakunja tena. Alifanya hivyo kila Jumapili ya utoto wangu. Hakuweza kuvaa kitambaa cha wamama wa parokia, wala kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa mtu. Alitamani kitu kimoja tu, nacho alikisema wazi bila aibu: siku moja asimame na wenzake aende mbele.

Na dawa yake haikuwa mbali. Kila mwaka parokia yetu ilifungisha ndoa za pamoja, wanandoa wengi Jumapili moja, wazee kwa vijana, bila gharama. Ilikuwa kuandikisha jina tu na kufika. Lakini baba utotoni mwake aliwahi kuona maharusi wa wakubwa wa kampuni wakishuka kanisani kutoka kwenye gari la chini, linalong'aa, na moyo wake ukabaki palepale. "Bibi yangu hataenda kuolewa na miguu, sawa vile anaenda kuchota mayi," alikuwa akisema. Kwanza gari, ndipo ndoa. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, na baba alichagua jembe miaka yote niliyokuwa nakua.

Padri alikuja kumtazama kila mwaka, kwa baiskeli, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Alikaa kwenye kiti kilichofutwa kwa haraka, akapewa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akauliza.

"Baba, batoto muko nabo, mahari ulitoa. Kintu gani bado?"

"Embrayage, mon père. Klachi bado."

"Yesu aliingia Yerusalemu juu ya punda."

"Ndiyo, mon père. Lakini ule punda alikuwa anatembea."

Padri alicheka, baba akacheka, na sisi watoto tulicheka kwa kuwa wakubwa walicheka. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye mbabula akipepea makala, mgongo kwetu, na hakugeuka. Leo nikikumbuka kicheko kile naona kinyaa, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Nisikudanganye kwamba Jumamosi zile hazikuwa na utamu. Zilikuwa nao, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Asubuhi tulifagia lupango, tukachota maji, kisha baba alitupanga kando ya gari na vipande vya msasa, kila mtoto na pande lake la kusugua. Kinu cha mahindi kilinguruma upande wa soko, kwaya ilifanya mazoezi, na baba aliimba sauti ya tatu hukohuko chini ya gari. Siku injini ilipokubali kuwaka kwa mara ya kwanza aliniita, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini wake sikioni kwangu, nikasikia vitu vyote vya ndani vikigonga. Nilijiona mtu mkubwa. Kisha alivuta petroli kwa mdomo kupitia mpira, akatema miguuni pangu, akasukutua kwa munkoyo wetu, akarudisha kikombe mahali pake.

Kila kitu nyumbani kilikuwa na ladha ya gereji. Mboga za lengalenga zilinuka petroli, samaki tomson alinuka petroli, na bukari ikipoa ilikuwa na rangi ya majivu pale vidole vya baba vilipopita. Halafu kifuniko cha giaboksi kilipasuka, na kipya hakikupatikana popote. Baba hakushindwa. Kwetu aluminiamu inamiminwa nyuma ya nyumba kama uji. Alitengeneza umbo kwa mchanga, akawasha makala, akayeyusha sufuria mbili za mama. Mama alirudi kutoka sokoni na mzigo wa mboga na unga kichwani, akazitafuta mpaka akaona mpini mmoja umebaki kwenye mchanga.

"Bukari nitapikia mu nini?"

"Vumilia, mama wa batoto. Hii yote ni juu yako."

Hii yote ni juu yako. Yaani kwa ajili yako. Neno hilo nililisikia mara nyingi kuliko jina langu. Alilisema alipochukua shuka kufunikia bodi, na alilisema alipochukua hela za paa la jiko. Mpaka leo mtu akiniambia kwamba anafanya jambo kwa ajili yangu, kwanza natazama kama sufuria zangu zipo.

Mwisho vilibaki viti. Vile vya zamani panya walikuwa wamevimaliza, na baba akataka ngozi halisi. Sasa sikiliza. Baba alitoka kaskazini, na baba yake alikuwa mwamba ngoma, kwa hiyo ngozi aliijua. Alikwenda machinjioni akarudi na ngozi mbichi za ng'ombe begani, damu ikimchirizika shingoni, akazilaza ndani ya pipa la maji na majivu katikati ya lupango. Zikalala humo mpaka manyoya yakaanza kutoka yenyewe. Nzi walikuja kutoka soko zima. Maji yakawa mazito, yakaota utando, na ukipita karibu uliona vidudu vyeupe vikipanda ukutani mwa pipa. Tulikula ndani, mlango umefungwa, joto la Oktoba, na bado nzi mmoja au wawili walianguka kwenye mchuzi. Jirani alikuja kuuliza kwa heshima kama kuna mtu aliyefariki kwetu na tumeficha.

Baba alizipara kwa kipande cha chupa, akazivuta juu ya viti, akazipigilia misumari midogo pembeni zikakauka. Yaani aliviwamba viti vile kama ngoma, maana ndivyo alivyojua. Na vilikuwa ngoma kweli. Ukikaa, kiti kinalia du, na ukisogea kinalia tena. Ili vilainike alinunua kwa jirani mawese, akavipaka, vikanywa, akavipaka tena. Vikawa na rangi ya kutu. Basi akamalizia juu kwa sirage nyeusi ya viatu, akasugua kwa kitambaa mpaka vikang'aa. Alisimama nyuma akavitazama, macho yamelowa. "Cuir véritable," alituambia, ngozi halisi. Gereji nzima ilinuka mzoga uliopakwa mafuta.

Harufu ile ilihamia kwenye nguo zetu. Jumapili, kwenye benchi lile la nyuma, watu walisogea mmoja mmoja mpaka mama akabaki peke yake na sisi wanawe. Alinyoosha kitambaa chake kichwani na kuimba na wengine. Nilitaka kufa kwa aibu, nikamchukia baba kwa moyo wangu wote, halafu Jumamosi nikaenda kushika msasa.

Mwaka huo baba aliandikisha majina yao. Gari lilikuwa tayari, jekundu, linawaka kwa kugusa ufunguo. Mama alishonewa gauni jeupe na mshonaji wa karibu na soko, gauni la mikono mirefu lenye lasi kifuani. Usiku wa kuamkia ndoa hakulala, nami nilimwona asubuhi akijitazama kwenye kioo kidogo cha baba cha kunyolea, kipande kwa kipande, bega, shingo, kifua, kwa sababu kioo hakikutosha mwili mzima. Alikuwa mzuri. Nasema hivyo bila upendeleo wa mtoto. Alikuwa amefunga siku nzima ya Jumamosi, ameungama, na uso wake ulikuwa mwepesi, sijauona hivyo tena tangu siku ile.

Akapanda. Kiti kikalia du, watu wakacheka, jirani akapiga vigelegele. Sisi tulikimbia mbele kwa miguu tukafika kanisani kabla yao, maana baba alikwenda polepole ili kila mtu aone. Jua lilikuwa kali. Mbele ya kanisa wanaume walilizunguka gari, wakamwomba afungue boneti, akafungua. Akawaeleza kabureta, akawaeleza kifuniko cha giaboksi alichokimimina mwenyewe. Maharusi wengine walikuwa wamekwisha kujipanga mlangoni, jozi kwa jozi. Mama alibaki amekaa ndani ya bati lile la moto, mikono juu ya mapaja, akingoja afunguliwe mlango, kwa kuwa baba alikuwa amemwagiza asijifungulie mwenyewe. Alitaka kumfungulia yeye, kama alivyoona kwa wale wakubwa.

Hatimaye alikumbuka. Akafunga boneti, akazunguka, akafungua mlango kwa mkono mmoja nyuma ya mgongo. Mama akashuka, akageuka kulielekea kanisa.

Jua lilikuwa limeyeyusha mawese. Nyuma ya gauni lake, mahali pale ambapo hakuna mwanamke anayetaka kuonwa na doa, palikuwa pekundu, pekundu kabisa, na weusi wa sirage umelizunguka doa. Wamama wa parokia waliona wote kwa pamoja. Kelele zilikatika. Mtoto mmoja akasema kwa sauti kwamba mama yule anatoka damu, na mama yake akamziba mdomo. Mama alipeleka mkono nyuma, akautazama, akakuta vidole vina mafuta.

Na baba, rafiki yangu, aliangalia kiti kwanza. Alitoa leso nyeupe kwenye mfuko wa koti la arusi, akainama ndani ya gari, akafuta ngozi kwa upole, huku na huku, akaitazama leso.

"Ah," alisema. "Rangi inatoka."

Mama alimwona. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona jinsi alivyomwona. Nimeshuhudia watu wakigombana, nimeona watu wakitupiana sahani, lakini macho yale sijayaona tena kwa mtu yeyote. Jirani yetu wa Kasai ndiye aliyefika. Alijifungua pagne yake ya juu, kitenge kipya chenye maua ya manjano, akamfunga mama kiunoni kwa haraka, akimwambia, "Simama hivi, mama. Usigeuke. Iko muzuri. Enda." Mama akaenda. Hakumngoja baba. Baba alifunga milango yote miwili kwa ufunguo, akajaribu kama imefunga, ndipo akamkimbilia.

Padri aliwauliza maharusi jozi moja baada ya nyingine. Baba alijibu kwa sauti kubwa. Kisha padri alimgeukia mama, akamuuliza kama anampokea mwanaume huyu kwa hiari yake. Mama alikaza fundo la ile pagne kiunoni. Tulikuwa benchi la mbele, pale ambapo hatukuwahi kukaa, na nilikuwa nikimwomba Mungu mama aseme hapana. Niliomba kwa nguvu zote, kanisani, siku ya ndoa ya wazazi wangu. Padri alirudia swali kwa upole. Mama alitazama altare, akatazama kikombe na sahani zilizofunikwa kitambaa cheupe juu yake, akasema ndiyo.

Baadaye kidogo mama akapokea komunyo. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba hostia haitafunwi, inaachwa iyeyuke yenyewe mdomoni. Mama alitafuna, polepole, macho yamefungwa, taya likienda.

Alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, na pagne ya jirani kiunoni. Baba alimfuata na gari kando yake, akitoa kichwa dirishani. "Ingia, mama wa batoto. Bantu banatuangalia." Mama alimjibu, "Baache baangalie," akaendelea kutembea. Mwisho gari lilianza kuchemka, baba akalazimika kumpita. Mama hakupanda gari lile tena maisha yake yote. Hakununa, hakugomba, alimpikia baba bukari mpaka siku alipomzika. Jumapili alivaa kitambaa cha wamama wa parokia akaenda kukaa mbele, na baba alibaki gereji akipaka viti sirage.

Sasa wamekwenda wote. Jirani alirudi Kasai na madebe yake, na pale alipouza mawese pamejengwa duka la simu. Benchi la nyuma halipo tena, kanisa limejaa viti vya plastiki. Ndugu zangu wanataka kubomoa gereji wajenge vyumba vya kupangisha, na mtu wa migodini atalichukua gari, viti na vyote, akalionyeshe kwa wageni wake. Achukue. Kinachoniuma ni kwamba hakuna tena mtu wa kunisimulia mama alivyokuwa asubuhi ile mbele ya kioo, kabla hajapanda, maana tulioona tulikuwa wachache na nimebaki mimi.

Nilimuuliza mama mara moja tu, uzeeni mwake. Tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo, yeye na mimi, mambo ya kawaida, na swali likanitoka lenyewe. Nilimuuliza kwa nini alisema ndiyo kwa mwanaume aliyeangalia kiti kwanza. Hakuonekana kushangaa. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Miaka yote ile nilikuwa nakaa ku nyuma, naangalia benzangu banakula," alisema. "Nilikuwa na njaa, mwana wangu."